MGENI NI NANI? ASUBUHI MOJA KISAUNI

Wahenga walinena kwamba mgeni ni kuku mweupe: hata akijichanganya na kundi, ataonekana tu. Hao hao wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisha wakaona haitoshi, wakatuachia na ile ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi tatu sote tumezikariri kwa ajili ya mtihani, na mwalimu akitupa insha ya methali tunajua pa kuanzia na pa kumalizia. Lakini hakuna hata moja kati yazo inayotwambia jambo hili: mgeni huacha kuwa mgeni lini? Akishalima kwa jembe lile alilopewa, akavuna, akaoa, akazaa na akazika, je, bado ni kuku mweupe?

Ndugu msomaji, swali hili kwetu nyumbani si la mtihani. Babu yangu mzaa baba alitoka Machakos akiwa kijana mbichi akaenda Mombasa kutafuta kazi, akaajiriwa bandarini Kilindini kubeba mizigo. Alipanga chumba Likoni, ng'ambo ya feri, na baada ya miaka kadhaa akajenga kijumba chake cha udongo na makuti huko huko. Watoto wake wote watano walizaliwa Likoni. Walicheza kwenye mchanga wa Shelly, wakavuka feri asubuhi na jioni, wakanunua viazi vya karai kwa senti walizopewa za daftari. Hadi leo baba yangu akiwa na hasira hatugombezi kwa Kikamba wala kwa Kiswahili chetu cha bara. Hutugombeza kwa Kiswahili cha Likoni, nasi tukicheka hasira humpanda zaidi.

Usiku wa tarehe 13 Agosti mwaka wa 1997 kundi la watu wenye silaha lilivamia kituo cha polisi cha Likoni na kuwaua maafisa waliokuwa zamu. Siku zilizofuata vibanda vilitiwa moto, nyumba zikachomwa, na watu wa bara wakaambiwa warudi kwao. Zaidi ya watu 100 waliuawa katika vurugu hizo na maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengine wakalala makanisani na watoto wao. Mwaka uliofuata serikali iliunda tume chini ya Jaji Akiwumi kuchunguza mapigano hayo pamoja na yale ya sehemu nyingine za nchi. Babu hakungoja tume. Alipanda basi na mke wake, watoto na masanduku mawili, akarudi Machakos ambako alikuwa hana hata kuku. Alifariki huko. Hakurudi Mombasa hata siku moja.

Wote walipanda lile basi isipokuwa shangazi yangu. Yeye wakati huo alikuwa akishona nguo upande wa pili wa kisiwa, Kisauni, na huko nako hakukuwa shwari. Majirani zake walimweka ndani siku nne, wakamletea chakula usiku. Mambo yalipotulia babu alimtumia barua arudi nyumbani. Shangazi alijibu kwa mstari mmoja, ambao baba huurudia mpaka leo: "Nyumbani ndiko niliko." Baadaye aliolewa na mmoja wa wale majirani, Mrabai, mwalimu wa shule ya msingi.

Basi Desemba iliyopita baba alinipa ruhusa nikamtembelee shangazi kwa wiki mbili. Nyanya yangu hakufurahi. Alinifungia mfuko wa mbaazi kavu na asali, kisha akaniita kando akaninong'oneza, "Ukifika huko usiseme ovyo wewe ni wa wapi." Hebu fikiria! Mwanafunzi mzima, mwanachama wa Chama cha Kiswahili, nimebeba asali kwapani na hofu ya mwaka wa 1997 moyoni, na mwaka huo mimi hata sijazaliwa.

Asubuhi ya pili baada ya kufika, mume wa shangazi, ambaye mimi namwita Mjomba, aliniamsha mapema. Amestaafu ualimu lakini ualimu haujamstaafu yeye. "Amka twende tukatembee kabla jua halijawa kali," alisema. "Mombasa ukitembea baada ya saa nne umekwenda kujianika." Tukatoka watatu: Mjomba mbele na bakora yake, mimi katikati, na binamu yangu mdogo wa darasa la sita nyuma akipiga kopo teke.

Adhana ilikuwa imekwisha muda mfupi tu, na wanaume waliokuwa wakitoka msikitini walitusalimu mmoja mmoja. Joto lilikuwa limeshaanza. Si joto la jua bali la hewa yenyewe, nzito, lenye chumvi ndani yake. Ukutani kwenye vivuli vya nyumba paka walikuwa wamejilaza kama wenye mji. Kina mama walikuwa wakifagia nyua zao, na kila tuliyempita alimuuliza Mjomba habari za mke, za watoto, za mguu wake, na hakuna aliyekubali jibu la haraka. Kwetu bara mtu akikusalimu huku anatembea, mmemalizana. Kisauni salamu ni mazungumzo, ukiyakata umemtukana mwenzio.

Kwenye kona moja palikuwa na mama aliyekuwa akikaanga mahamri. Mjomba alinisukuma mbele nikanunue.

"Wataka mangapi, mwanangu?" akauliza.

"Naomba mahamri manne na mbaazi ya nazi, mama."

Akaniangalia. Mwiko ulisimama hewani. "We si wa hapa. Umetoka bara, eti?"

Wasomaji wapendwa, sikwambieni jinsi moyo ulivyonidunda. Maneno ya nyanya yalinijia yote kwa mara moja. Lakini Mjomba alikuwa kimya, anatazama upande wa pili makusudi, kama mwalimu anayesubiri jibu. Nikasema, "Ndiyo, mama. Machakos."

"Haya, karibu," akasema, na akatia la tano juu ya yale manne. "Hili ni la ugeni. Kesho ukija utalipa yote."

Basi ndiyo hayo tu! Nilishika kile kifurushi cha moto mkononi nikatembea hatua nyingi kabla sijaweza kuzungumza.

Tuliteremka kufuata barabara ya Kisauni. Magari yalikuwa yameamka: matatu zilizojaa mpaka mlangoni, tuktuk zikipenya pasipopenyeka, bodaboda wawili wawili wakiteta huku wanaendesha. Binamu yangu alikuwa ameachwa nyuma, na Mjomba akageuka kumwita, "Ndoo hapa! Ndia hiyo ina magari!" Nikauliza kwa nini asiseme njoo na njia kama sisi. Mjomba akacheka. "Hicho ni Kimvita," akasema. "Sisi hapa twasema ndia, mato, mtele, kitwa. Nyinyi mwasema njia, macho, mchele, kichwa. Na je, wajua ni wapi palipokatwa kauli kwamba chenu kiwe ndicho cha vitabuni? Ni papa hapa Mombasa. Mwaka wa 1928 wakubwa wa elimu wa nchi za Afrika Mashariki walifanya mkutano Mombasa, wakachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Walikaa Mombasa, wakala chakula cha Mombasa, wakachagua cha Unguja." Binamu yangu akadakia kwamba yeye akiandika "mtele" kwenye insha mwalimu humtilia mkwaju mwekundu. Akasema na Kiswahili ni chao! Nami niliye Mkamba wa Machakos hupata alama zangu bila taabu.

Hapo pakanifanya nianze kutafakari. Katika Kiswahili nani mgeni, nani mwenyeji?

Tulipofika makutano ya Kengeleni Mjomba alisimama. Hapa ndipo watu wa kutoka darajani hugawanyika, hawa waende Kisauni, hawa Nyali, hawa Bombolulu na Bamburi. Makanga walikuwa wakiita "Kengeleni! Kengeleni!" mpaka sauti zinakwaruza. Kando ya barabara umesimama mnara mdogo wa kengele, na sikuona mtu hata mmoja aliyeinua kichwa kuutazama. Jina la mahali limetoka hapo, na mahali pamelitumia jina mpaka pamekisahau kitu chenyewe.

Mjomba alituketisha kwenye benchi la muuza kahawa, tukapewa kahawa tungu katika vikombe visivyo na mikono, na kashata. Kisha akaanza somo lake. Mwaka wa 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa, baada ya Mwingereza Sir Bartle Frere kutumwa kuja kujadiliana naye. Meli za Kiingereza zilikuwa zikikamata majahazi ya watumwa baharini, lakini waliookolewa wangepelekwa wapi? Kwao kulikuwa mbali, kumechomwa, na njiani kulijaa wale wale waliowakamata. Kwa hiyo wamisionari wa CMS walinunua ardhi hapa bara ya Kisauni mwaka wa 1875, wakawaweka hapo, na makao hayo yakaitwa Frere Town. Walikuwapo pia Waafrika waliokuwa wamekombolewa zamani, wakalelewa na kusomeshwa Nasik kule India, na sasa wakaletwa kuwa walimu na mafundi wa wenzao. Kengele iligongwa kuwaita watu kanisani. Iligongwa pia kuwatahadharisha kwamba wawindaji wa watumwa wanakuja.

"Hata kuachiliwa kulikuwa na karatasi zake," Mjomba akaendelea. "Watumwa waliotoroka mabwana zao walikimbilia kwa wamisionari, hapa na kwetu Rabai, na mabwana wakadai mali yao. Tarehe mosi Januari 1889, Kampuni ya Kiingereza iliyokuwa ikitawala pwani ilitoa vyeti vya uhuru kwa zaidi ya watu 1,400, na mabwana wakalipwa fidia. Utumwa wenyewe katika sheria ya pwani hii haukufutwa mpaka mwaka wa 1907."

Kwenye benchi lile alikuwapo mzee mmoja wa kofia ya ukili ambaye alikuwa akisikiliza na kutikisa kichwa. Kumbe yeye ni wa uzao wa watu hao. Akaweka kikombe chake chini.

"Mamake bibi yangu aliteremshwa hapa mtoto wa umri wa huyu," akasema akimwonyesha binamu yangu. "Alitoka pande za Nyasa. Kwao hasa hakukujua. Ndani ya makuti ya mstari mmoja huyu Myao, huyu Mmakua, huyu Mngindo. Hawaelewani. Ikabidi wakutane katika Kiswahili. Ndicho walichopendania, ndicho walichozikania. Mimi sina lugha nyingine." Halafu akanigeukia. "Nawe kijana, kwenu ni wapi?"

Mara hii sikusita. Nikasema Machakos, na kwamba babu yangu alikuwa wa Likoni mpaka mwaka wa 1997.

Mzee alikaa kimya kidogo. "Siku zile," akasema, "vijana wengine walipita hapa wakisema kila mtu arudi kwao. Mimi nikawauliza, nyinyi mkinirejesha mimi kwetu, mtanirejesha wapi? Mtanitia kwenye jahazi gani?" Akachukua kikombe chake, akanywa iliyobaki. "Hawakunijibu. Babu yako walau alikuwa na pa kurudi."

Sijui kama alikusudia kunifariji ama kunifundisha. Lakini nilihisi kwamba yale masanduku mawili ya babu yamebebwa na mtu mwingine pia kwa muda.

Msije mkadhani, hata hivyo, kwamba Mjomba aliniachia niende na jibu jepesi. Tulipoinuka alisema, "Sikiliza na upande wa pili. Mwaka wa 1908 ililetwa sheria ya hatimiliki pwani. Ardhi ambayo hakuna aliyejitokeza kuiandikisha ilihesabiwa kuwa ya Serikali ya Kiingereza. Wazee wetu wa Kimijikenda hawakuwa na karatasi, walikuwa na minazi na makaburi. Mpaka leo kuna mtu aliyezaliwa na babu yake aliyezaliwa katika shamba moja, na bado huitwa maskwota. Mtu kama huyo ukimwambia sote ni wageni, atakuuliza mbona mgeni ana hati naye hana. Hasira ile ilikuwa na sababu. Waliowasha moto walijua wapi pana kuni kavu. Lakini waliochomewa nyumba hawakuwa ndio waliochukua ardhi. Babu yako alikuwa kuli." Nikaona wazi kwamba ukarimu wa hamri la tano ni jambo jema sana, lakini peke yake hauwezi kutatua jambo la hati.

Tulipita soko la Kongowea. Ah, soko hilo! Matope, kelele, mikokoteni, na kila mtu anasema "Kando! Kando!" hata aliye kando. Viazi na kabeji kutoka bara vimepangwa ubavuni mwa nazi za Kilifi na maembe, na hakuna kiazi kinachoulizwa kwao ni wapi ilmradi kimeiva. Jina la Kongowea lenyewe ni la kale. Mapokeo ya Mombasa yanamtaja Mwana Mkisi, malkia aliyetawala Kongowea kabla ya zama za Shehe Mvita. Na wale Waswahili wenyewe wa Mombasa, Thenashara Taifa, ukiyatazama majina ya taifa zao utasikia safari ndani yake: Wapate, Wafaza, Wakilifi, Wamtwapa. Wenyeji wa wenyeji, nao majina yao yanasema walikotoka.

Mwisho tulishuka upande wa Mkomani, Nyali, hadi kwenye maji yanayotazamana na Mji wa Kale. Jua lilikuwa limepanda na jasho linatutiririka. Ngalawa mbili zilikuwa zikirudi na samaki, na upepo wa kaskazi ukatupoza kidogo. Pande hizi ndiko alikozikwa mke wa mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf. Walifika Mombasa mwaka wa 1844, na Julai ya mwaka huo huo mke wake, Rosina, alifariki pamoja na mtoto wao mchanga wa kike. Krapf hakurudi kwao wakati huo. Alibaki, akajifunza lugha kwa watu wa Mombasa na Rabai, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili ikachapishwa mwaka wa 1882, mwaka mmoja baada ya yeye mwenyewe kufa. Mjomba akasema maneno ya Kimvita anayosahihishiwa binamu yangu yamo katika kamusi hiyo. Binamu aliposikia hivyo aliacha kurusha mawe majini akauliza, "Na 'mtele' limo?" Mjomba akamwambia akasome mwenyewe.

Tulirudi nyumbani kwa matatu. Shangazi alikuwa ametupikia uji, akaniuliza nimeona nini. Nikamwambia nimeona Kengeleni. "Hapo pana nini cha kuonwa?" akasema. "Mimi hupita kila siku."

Basi, wenzangu, nijaribu kujibu lile swali langu la mwanzo. Kwa maoni yangu, mtu haachi kuwa mgeni kwa sababu miaka imepita, maana babu alikaa Likoni miaka mingi na bado aliambiwa aende kwao. Wala haachi kwa sababu ana karatasi, maana wapo wenye karatasi ambao hata majirani zao hawawajui, na wapo waliozaliwa hapo hapo wasiokuwa na karatasi. Mtu huacha kuwa mgeni pale majirani wanapoweza kumficha siku nne na kumletea chakula usiku. Hilo haliandikwi na serikali yoyote. Hujengwa polepole, kwa salamu ndefu za asubuhi, kwa kuzikana, na kwa lugha ambayo wote wawili wanaimudu. Watu wa Frere Town waliletwa bila chochote ila miili yao, wakajenga hapo kanisa, shule na familia. Chuo cha wachungaji kilichoanzishwa kwao mwaka wa 1903 kilihamishiwa Limuru mwaka wa 1930, na leo ni Chuo Kikuu cha St. Paul's. Walioitwa wageni wa pwani wakawa walimu wa bara. Hapo methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilitimia bila hata kupangwa.

Kwa hiyo naomba Chama chetu kifanye jambo moja muhula ujao. Kila mwanachama amuulize mzee wa kwao jina la mahali anapoishi limetoka wapi, na nani alikaa hapo kabla yake, akaandike katika daftari. Tusingoje mpaka makanga ndio wabaki peke yao wakiyaita majina hayo. Tukifanya hivyo, huenda tukagundua kwamba kuku weupe ni wengi kuliko tulivyodhani, na kwamba kundi zima lilianza hivyo.

Nyanya naye nilimrudishia salamu. Hakuniuliza habari ya Kengeleni wala ya Krapf. Aliuliza jambo moja tu, kama nilifika Likoni nikauona mwembe alioupanda babu nyuma ya nyumba. Nilimwambia safari hii sikuvuka. Likizo ya Aprili, Mungu akipenda, nitavuka. Naye amesema huenda akafuatana nami.